Maoni: Mmea wa kubeba begani, kaktusi ya msituni upenuni mwa aliyehama

KIPESE, Lubero – Mtu aliyekimbia vita na kupanga chumba kwa wenyeji hapandi mgomba. Hajui kama atakuwepo utakapokomaa, na ardhi si yake. Ndiyo maana nyua za nyumba nyingi zinazopokea familia zilizohama huonekana tupu, ingawa waliomo ni wakulima tangu kuzaliwa. Kuna mmea mmoja unaowafaa watu wa namna hii, nao ni wa misitu yetu wenyewe: ile kaktusi inayoning'inia kwenye miti mikubwa kama nywele za kijani.

Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Haina majani, na ikikomaa haina miiba. Ni vijiti laini vya mviringo, vyembamba kuliko penseli, vinavyogawanyika na kushuka chini hata mita moja au zaidi. Maua yake ni madogo sana, meupe, na baadaye hutoa matunda kama shanga nyeupe zenye ute ndani. Karibu kaktusi zote duniani asili yake ni Amerika. Hata mpungate tunaouzoea uliletwa na watu. Hii moja ndiyo inayoota yenyewe Afrika, kuanzia magharibi hadi misitu ya Kongo, Uganda, Tanzania na Madagaska, na hata Sri Lanka. Wengine wanasema ndege walivusha mbegu zake baharini, wengine wanasema ni mabaharia. Wabishane tu, mmea umekwisha kuwa mwenyeji.

Shida ni kwamba wengi wakiuona hudhani ni kirukia, ule mmea unaopenyeza mizizi ndani ya matawi ya mparachichi na mpera na kuyanyonya. Kosa hilo linaeleweka, maana matunda yanafanana na ndege ndio wanaoyasambaza yote mawili. Lakini kirukia kina majani, na pale kinaposhika tawi huvimba. Kaktusi hii hushikilia ganda la mti tu. Chakula chake hujitafutia kwenye majani yaliyooza katika mapango ya matawi, vumbi na maji ya mvua. Ni kama mpangaji anayelala barazani lakini anajipikia. Kuikata ili kuuokoa mti ni kazi bure.

Kinachoiondoa hasa si panga la mwenye shamba. Ni makala na mbao. Mti wa asili ukiangushwa, vyote vilivyokuwa juu yake vinaanguka pamoja nao, vinakauka au kuchomwa. Mahali pake unapandwa mkaratusi, ambao una faida zake, hakuna anayekataa, lakini ganda lake hubanduka na kudondoka, kwa hiyo mmea unaohitaji kushika ganda haupati pa kukaa. Kilima kinaweza kuwa kijani tena na bado kisiwe na kaktusi hata moja.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni kwa wapasua mbao na wachoma makala: kabla ya kuyawasha matawi, vuteni pembeni kile kinachoning'inia, mkape watoto au jirani. Na wanaotaka mmea wasiende kuung'oa kwenye miti iliyosimama, wala wasiguse kitu ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako sheria hairuhusu. Miti iliyolala chini inatosha.

Tahadhari moja ni ya lazima, hasa kwenye nyumba zenye watoto. Kuna mnyaa, ule wa kupandwa kuwa ua, nao una vijiti vya kijani visivyo na majani. Mnyaa husimama wima na kuwa mti, na ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, unaounguza ngozi na kuweza kuharibu macho. Kaktusi hii huning'inia na majimaji yake hayana rangi. Ukiona maziwa, acha, nawa mikono kwa sabuni, usijisugue machoni.

Kuipanda hakuhitaji kiwanja. Kata vipande vyenye urefu wa kiganja, viache kivulini siku mbili au tatu hadi kidonda kikauke. Chukua kopo au kibidoni kilichokatwa, toboa matundu chini. Jaza vipande vya maganda ya mti yaliyooza, majani yaliyooza na punje za makala. Udongo mzito wa bondeni haufai, hushika maji na kuozesha mizizi. Jivu pia lisitiwe, ingawa ndilo tunalolikimbilia kwa kila kitu. Zamisha ncha za vipande kidogo tu, kama unene wa kidole, kisha nyunyiza maji. Baada ya wiki chache vitashika.

Kopo litundikwe upenuni, penye mwanga lakini si jua la mchana, na mbali na moto wa jiko. Vijiti vikigeuka vyekundu au manjano, jua limezidi. Vikiwa na mikunjo, vina kiu. Vikigeuka kahawia na kulainika shinani, maji yamezidi. Kata sehemu nzima iliyobaki juu, uipande upya. Msimu wa mvua hewa ya Lubero yenyewe inaisaidia, kazi ni kuzuia kopo lisijae maji. Kiangazi, mwagia mara moja au mbili kwa wiki, maji ya mvua yakiwepo ni bora. Wadudu weupe kama pamba wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Wapo watakaosema familia isiyo na unga haina haja ya maua. Wana haki ya kusema. Mmea huu hauliwi, haujazi sufuria, na asitokee mtu wa kuuza vijiti vyake kama dawa. Lakini pia hauchukui shamba wala pesa ya mtu, na mtoto aliyeacha miti yote nyumbani kwao anapata kitu cha kumwagilia. Msaada hauji na vitu vya namna hiyo, wala hautegemewi kuja navyo.

Na ikitokea kuhama tena, hapa ndipo unapoishinda mihogo na migomba. Kata vijiti vichache, vifunge kwenye karatasi kavu, si plastiki, uvitie katikati ya nguo. Safari ya wiki nzima haiviui, kwa kuwa kukauka kidonda ni sehemu ya kuvipanda. Kopo lenyewe liachiwe mwenye nyumba, na aelezwe kwamba jivu halitakiwi.