Tarakilishi hupima umbali, kuelewa ni kazi yetu

Hakuna kipimo kinachoaminiwa upesi siku hizi kama kile kinachotolewa na tarakilishi. Mtu huandika majina ya miji miwili, akabonyeza kitufe, na kufumba na kufumbua huambiwa kuwa Mombasa iko umbali wa kilomita 440 kutoka Nairobi, kwa mwelekeo wa digrii 134. Tarakimu hizo hupokewa kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Ni wachache wanaouliza: kilomita 440 za njia ipi, na digrii 134 kuanzia wapi? Hoja ya makala haya ni kuwa maswali hayo ni ya lugha kama yalivyo ya hesabu, na kwamba jamii isiyo na maneno ya kuyauliza itafuata mashine popote itakapopelekwa.

Wapo watakaodai kwamba elimu hii ni ngeni kwetu, na kwa hivyo hatuna budi kuipokea kwa lugha ya wenyewe. Dai hilo halina msingi. Mabaharia wa upwa wa Afrika Mashariki waliishi kwa kupima mwelekeo karne nyingi kabla ya tarakilishi kubuniwa. Jaa, nyota ya ncha ya kaskazini, iliwapa jina la kaskazini. Suheli, nyota ang'avu ya upande wa pili, iliwapa jina la kusini. Chombo cha kuonyesha pande wakakiita dira. Walishiriki elimu iliyoenea katika Bahari ya Hindi nzima, ile ambayo nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid aliiandikia vitabu katika karne ya 15.

Tuchukue neno moja tu, kibla. Katika Kiswahili cha kale cha pwani neno hili lilikuwa na maana mbili: upande anaoelekea Mwislamu anaposali, na pia kaskazini. Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa wazee walichanganya mambo. La hasha! Iulize tarakilishi mwelekeo wa Makka kutoka Mombasa, nayo itakujibu kuwa ni chini ya digrii moja kutoka kaskazini halisi. Lamu mwelekeo huo huegemea magharibi kidogo, kwa digrii mbili na nusu hivi, na Unguja huegemea mashariki kwa digrii moja na ushei. Kwa mkazi wa pwani hii, kibla na kaskazini ni kitu kimoja. Lugha ilikuwa imehifadhi jibu sahihi kabla mashine haijaulizwa.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Programu hizi hupokea namba mbili kwa kila mahali: latitudo, yaani umbali wa digrii kutoka ikweta, na longitudo, yaani digrii kutoka mstari wa Greenwich. Kisha hukokotoa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Programu nyepesi huichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Zilizo makini zaidi hukumbuka kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na aghalabu hutumia kanuni kama ile aliyoichapisha Thaddeus Vincenty mwaka wa 1975. Kwa safari ya Nairobi na Mombasa tofauti ni kilomita moja hivi. Kwa safari ya Mombasa na Makka, programu ya kwanza itasema karibu kilomita 2,830 na ya pili karibu 2,817. Zote mbili zimehesabu sawasawa. Kilichotofautiana ni umbo la dunia ambalo kila moja imelikubali. Asiyelijua hilo ataona programu mbili zikigombana, asijue amwamini nani.

Hatari kubwa zaidi kwetu sisi Wakenya imo katika alama ndogo mno, alama ya kutoa. Programu nyingi huandika latitudo za kusini mwa ikweta kwa alama hiyo. Bara la Ulaya na Amerika ya Kaskazini yako kaskazini yote, na mtumiaji wa huko ni nadra kulifikiria jambo hili. Lakini ikweta imeikata Kenya vipande viwili: Eldoret iko kaskazini, Kisumu iko kusini. Karani akisahau alama ya kutoa anapoandika latitudo ya Nairobi, jiji letu kuu litahamia si mbali na Maralal, zaidi ya kilomita 280 kutoka lilipo. Akisahau ya Mombasa, mji huo utaingia nchini Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Akiisahau kwa miji yote miwili, mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu hayaonekani: umbali utatoka uleule wa kilomita 440, ila mwelekeo utakuwa digrii 46 badala ya 134. Atakayekagua umbali peke yake ataridhika, ilhali msafiri wake ameelekezwa kaskazini mashariki badala ya kusini mashariki.

Isitoshe, zipo programu zinazotaka latitudo itangulie na nyingine zinazotaka longitudo kwanza. Mpangilio ukigeuzwa, Mombasa itatua Uhispania, karibu na mji wa Toledo, na Nairobi itazama katika Bahari ya Mediterania. Kosa kama hili laweza kuchekesha darasani. Halichekeshi hata kidogo pale ambapo mashua imezimikiwa na mtambo baharini na waokoaji wanangojea kutajiwa mahali ilipo.

Mwelekeo nao una siri yake. Digrii zinazotolewa ni za kuanzia safari, huhesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mzunguko wa akrabu za saa, na katika safari ndefu hubadilika njiani. Makka iko kusini zaidi ya New York ukipima kwa latitudo. Hata hivyo, njia fupi kutoka New York hadi Makka huanza kwa kuelekea kaskazini mashariki, takriban digrii 58. Mswahili aliyehamia huko akiangalia ramani ya ukutani huona mstari unaoshuka kusini mashariki, akaishuku programu. Mwenye kosa ni ramani, ambayo imelazimisha tufe kulala juu ya karatasi.

Kisha kuna umbali wa mstari mnyoofu, ambao ndio uwezao kuwadhulumu wengi. Kutoka Iten hadi Kabarnet programu itatoa kilomita 32 hivi. Lakini barabara hushuka ukingo wa bonde kwa kona nyingi, ikakata Bonde la Kerio, kisha ikapanda Milima ya Tugen. Mgonjwa hasafirishwi kwa mstari mnyoofu, wala mtoto haendi shule akiruka kama kunguru. Afisa anayeamua mahali pa kujenga zahanati kwa kuchora duara kwenye ramani huenda akawahesabu kuwa wako karibu watu waliotengwa na mto, korongo au mlima. Takwimu zake zitang'ara. Watu wake watateseka.

Je, suluhisho ni kuziepuka programu hizi? Hapana. Ni zana bora, nyingi hutolewa bure, na mwanafunzi mwenye simu leo anaweza kupata kwa sekunde moja kile ambacho nahodha wa zamani alikipata kwa miaka ya kujifunza. Lakini nahodha yule alielewa alichokipata. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ndiyo sababu napendekeza tuwe na istilahi zisizokanganya. Umbali wa mstari mnyoofu usiitwe umbali tu. Utofautishwe na umbali wa safari. Mwelekeo utajwe kuwa ni mwelekeo wa kuanzia, na isemwe kama umepimwa kwa kaskazini halisi au kwa kaskazini ya sumaku. Kibla, jaa na suheli zifundishwe pamoja na latitudo na longitudo, ili mtoto ajue kuwa elimu hii ina shina katika lugha yake. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumwelekeza mwokoaji kwa mashua inayozama imepewa cheo bila kazi.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Idara za Kiswahili na za jiografia katika vyuo vikuu vyetu zikae meza moja, watunga mitaala wawasikilize, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar isaidie kusawazisha matumizi baina ya nchi zetu. Waunda programu watafasiri maneno tutakayowapa. Tusipowapa, watabuni yao, nasi tutabaki kubahatisha maana yake.