Aliyechomwa sindano asisubiri Jumatatu



Naomba niseme jambo ambalo wauguzi, wafagizi na madobi wa hospitali hunong'onezana wakiwa zamu, lakini hawalisemi hadharani. Jambo lenyewe ni ajali ya kuchomwa na sindano iliyokwisha kumwingia mgonjwa, au kurukiwa na damu yake machoni na mdomoni.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sasa ninaishi hapa Chimala, Wilaya ya Mbarali, ninalima mpunga. Anayeijua barabara kuu iendayo Tunduma anapajua hapa. Malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na barabara ya Matamba inapanda mlimani kwa kona baada ya kona. Ajali kwetu si habari ngeni, na kila ajali ina damu, na kila damu ina mtu anayeipangusa. Huyo mpangusaji ndiye ninayetaka kumsemea leo.

Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi sitaitaja, wala haiko hapa Chimala. Iko kwingine katika Nyanda hizi za Juu Kusini. Usiku wa Jumamosi moja mwaka 2011, yapata saa nne, tuliletewa majeruhi wa basi. Daktari alikuwa mmoja na sisi wauguzi tulikuwa wawili. Nilikuwa nimemshika kijana aliyekuwa akishonwa kichwani. Akaruka kwa maumivu, na sindano ya kushonea ikapenya glovu hadi kwenye kidole changu cha shahada. Niliosha kwa sabuni na maji, nikavaa glovu nyingine, nikaendelea na kazi kwa sababu majeruhi walikuwa bado wamelala sakafuni.

Dawa za kinga zilikuwapo. Nasema zilikuwapo, tena katika jengo lile lile. Lakini zilikuwa ndani ya kabati la kliniki ya CTC, na kliniki ilifungwa tangu Ijumaa jioni. Mwenye funguo alikuwa amesafiri kwenda msibani. Nilimeza kidonge cha kwanza Jumatatu saa tatu asubuhi, saa 35 tangu nichomwe. Wataalamu wanatufundisha kwamba dawa hizo zianzwe mara moja, ndani ya saa chache, na zikipita saa 72 hazitegemewi tena. Zilinitapisha siku 28. Kisha nilingoja miezi sita ya vipimo, nikijitenga na mume wangu bila kumwambia sababu, naye akidhani nimepata mwingine. Namshukuru Mungu nilitoka salama. Lakini sioni kwa nini maisha ya mfanyakazi yategemee safari ya mwenye funguo.

Huenda msomaji akasema kwamba hatari hiyo ni ndogo. Ni kweli kwamba mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, bila kutumia dawa za kinga, wanaoambukizwa ni karibu watu 3 katika kila 1,000. Ni kweli pia kwamba mgonjwa anayetumia dawa vizuri, virusi vikafubaa, hatari yake hupungua sana. Lakini hesabu hiyo ni ya mchomo mmoja. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Mkoa wa Mwanza katika miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mfanyakazi mmoja huchomwa wastani wa mara 5 kwa mwaka, na kurukiwa na damu mara 9. Sasa izidishe kwa miaka 30 ya kazi.

Tena tuangalie mahali tulipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kiwango cha VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa wodi katika mikoa yetu hii hukutana na damu yenye virusi mara nyingi kuliko mwenzake wa mikoa mingine, ingawa mshahara wao ni ule ule na glovu ni zile zile.

Na VVU si peke yake. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi. Asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye virusi hivyo, hatari yake inaweza kufika watu 30 katika 100. Virusi hivyo huweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka. Fikirieni dobi anayefua mashuka ya chumba cha upasuaji! Chanjo ipo, ni dozi tatu tu, na inakinga vizuri. Watoto wetu wachanga walianza kuipata mwaka 2002. Lakini mfanyakazi mwenye umri wa miaka 30 au 50 alizaliwa kabla ya hapo. Kama mwajiri hakumchanja, basi hana kinga.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mama mmoja tuliyefanya naye kazi. Alikuwa mfagizi, analipwa kwa siku. Asubuhi moja alikuwa akikusanya taka za wodi kwa mikono, na sindano iliyotupwa katika ndoo ya kawaida ikamchoma kiganjani. Ilikuwa imeachwa pale na mmoja wetu sisi wenye elimu. Nilimhimiza akaandikishe. Akanijibu, "Sista, nikiandikisha watasema mzembe, kesho wanaita kibarua mwingine. Nikipimwa, mtaa mzima utajua." Alifunga kitambaa, akaendelea kufagia. Baada ya miezi michache hakuja tena kazini. Mpaka leo sijui alikuwa na nini, na sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kujua. Kitabu cha ajali cha mwaka ule hakina jina lake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi nauliza: ni nani aliyemfundisha yule mama kuficha? Ni sisi, kwa maneno yetu ya kulaumu, kwa siri zetu zinazovuja, na kwa utaratibu uliomsahau kwa kuwa hakuwa katika orodha ya watumishi. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2009 na 2010 miongoni mwa wahudumu wa afya wa Mbeya ulionyesha kwamba waliopata dawa za kinga walikuwa wachache wakilinganishwa na waliopatwa na ajali. Kwa hiyo wapo wengi kama yeye.

Najua Serikali haikulala. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake wa WCF. Dawa za kinga hutolewa bila malipo, na za siku hizi hazisumbui mwili kama zile nilizomeza mimi. Lakini sheria haitembei wodini kwa miguu yake. Ajali isiyoandikwa haina fidia, na dawa iliyofungiwa haina faida.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, vidonge vya kuanzia vya siku chache viwekwe mahali pa kupokelea majeruhi na katika chumba cha kujifungulia, na funguo ziwe mkononi mwa muuguzi kiongozi wa zamu, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Pili, kila anayeajiriwa hospitalini apewe chanjo ya homa ya ini B kabla hajaanza kazi, wakiwamo wafagizi, madobi, wachoma taka, vibarua na wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo. Tatu, boksi la sindano liwe karibu na kitanda, lisijazwe mpaka kufurika, na mtu asirudishie kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Nne, daftari la ajali litunzwe kwa siri na mtu mmoja anayeaminika, na anayekwenda kujiandikisha aulizwe "umeumia saa ngapi?" wala si "ulikuwa unafanya uzembe gani?"

Nanyi wafanyakazi wenzangu, nawasihi msinyamaze. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikikamue kidonda wala kukisugua kwa dawa kali. Ukirukiwa machoni, osha kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa saa ile ile, maana saa hazikusubiri wewe umalize aibu. Mnakumbuka Bukoba mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka. Miongoni mwa waliougua walikuwapo wahudumu wa afya wawili, na mmoja wao alifariki. Damu na majimaji ya mgonjwa havimwulizi mtu cheo chake.

Na ninyi wananchi wa kando ya barabara mnaokimbilia majeruhi, moyo wenu ni mzuri, wala msiuache. Lakini vaeni hata mifuko ya plastiki mikononi kabla ya kushika damu, na mwenye kidonda kibichi mkononi awaachie wengine. Dereva abebe glovu katika sanduku lake la huduma ya kwanza.

Yule mama mfagizi alikuwa akitusafishia wodi ili wagonjwa wetu wapone. Tulipaswa kumlinda kwa boksi la karatasi, chanjo tatu na funguo moja. Hatukufanya hivyo. Naandika barua hii ili aliyeshika nafasi yake leo, katika hospitali yoyote ya nchi hii, akichomwa usiku wa Jumamosi apate kidonge chake usiku ule ule wa Jumamosi.

Muuguzi Mstaafu,
Chimala, Mbeya.