Nasi Tufundishwe Kusema



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya masomo ambayo wengi wetu tunayadharau. Kijana akituambia anakwenda chuo kusomea kuhubiri, michezo ya kuigiza au utangazaji wa redio, sisi wazee tunacheka. Tunamwuliza: hiyo nayo ni kazi? Nenda kajifunze umakanika. Hata sisi viongozi wa chama tumesema hivyo, na tulikosea.

Tulijua kosa letu siku tulipoingia ofisini kwa tajiri mmoja, wajumbe sita, kudai nyongeza ya mshahara. Tulimchagua mwenzetu mmoja atusemee, mtu hodari wa kazi na mwenye kuheshimiwa. Hesabu zote alikuwa nazo: bei ya unga, kodi ya chumba, karo za watoto. Lakini alipoanza, macho yalishikamana na karatasi, sauti ikazama, akaanzia mbali tangu mwaka aliopata kazi. Meneja akatazama saa. Kisha wakili wake, kijana mdogo, akasema maneno machache, taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Tukatoka na ahadi ya kikao kingine, na kikao hicho hakikuitwa hata leo. Jambo la kuudhi ni kwamba jioni ile, tukirudi juu ya lori, mjumbe yule yule alieleza habari yote kwa Kilugbara na Kinubi mpaka watu wakalia, wakacheka, wakataka kugeuza lori turudi. Ulimi anao. Alichokosa ni mazoezi.

Sasa tazameni wahubiri. Mtu akisimama Jumapili akashika kanisa zima kwa saa nzima, tunasema amejaliwa. Kweli, lakini pia amefundishwa. Kule Mukono, Chuo cha Askofu Tucker kilianza kufundisha watumishi wa Kanisa tangu mwaka 1913, na mwaka 1997 kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambacho hufundisha pia uandishi wa habari na utangazaji. Masheikh nao hukaa chini ya walimu wao miaka mingi kabla ya kupanda mimbari. Makerere wanafundisha muziki, ngoma na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1971. Mwenye kutaka roho za watu anafundishwa kusema. Mwenye kutaka mshahara wa watu elfu anaambiwa asimame tu, Mungu atamsaidia.

Wafanyakazi wa zamani hawakuwa hivyo. Januari 1947 Mombasa, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na mahotelini waliacha kazi, wakawa wanakutana uwanjani, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Pale watu walisimama wakasema mbele ya umati bila vipaza sauti. Chege Kibachia alipata sifa pale, na serikali ya kikoloni ikamkamata mwaka ule ule ikamhamisha mbali. Hapa kwetu Kampala palifunguliwa mwaka 1958 chuo cha vyama vya wafanyakazi wa Afrika, watu wakaja kutoka nchi nyingi. Hakikudumu hata miaka kumi na mitano.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mahali penye mashamba ya chai na kiwanda cha viatu cha Bata. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, wakacheza mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wachezaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wenyewe. Mazoezi yalifanyika mbele ya watu, na aliyeona neno limekosewa alisema hapo hapo, maana kazi ya kiwandani anaijua yeye kuliko mwandishi. Mchezo haukumaliza miezi miwili, serikali ikaondoa kibali. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hebu tujiulize: kwa nini serikali yenye polisi na bunduki iogope watu wanaoigiza?

Huku kwetu redio ipo. Radio Pacis ya Dayosisi ya Katoliki ya Arua inatangaza tangu mwaka 2004, na watu wanaisikiliza shambani. Lakini ni mara ngapi mmesikia huko mfanyakazi akieleza kwamba kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kama kilivyowekwa mwaka 1984? Bunge lilipitisha mswada mwaka 2019, Rais hakutia sahihi, basi. Habari kama hiyo ikisemwa vizuri kwa dakika tatu, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, hata mama anayepalilia ataielewa. Ikisomwa kwa Kiingereza cha ofisini inapita kama upepo.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Chama kitenge fedha, kila mwaka kipeleke vijana wa matawi kwenye masomo ya kusema na kutangaza, na wakirudi watumikie tawi kwanza. (Wengi wakimaliza huwa washereheshaji wa harusi. Si vibaya, harusi nazo zina haki yake.) Na vyuo vifundishe pia kwa lugha zetu, kwa masomo mafupi ya jioni, mtu asiachwe nje kwa sababu aliishia darasa la saba.

Wakati tunangoja, sisi tumeanza. Jumamosi baada ya mishahara tawi letu litaigiza kikao cha kudai nyongeza, kuanzia kubisha hodi mpaka kutia sahihi. Mjumbe wetu wa siku ile amekubali kusema tena, bila karatasi. Wakili tumempata, ni karani wa mizani. Anayetafutwa bado ni wa kuigiza meneja. Kila tuliyemwomba amekataa, anasema mkewe atamcheka.