Sumu ya Panya Ikae Nje, Ndani ya Boksi Lililofungwa

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam hupita mchuuzi mwenye kipaza sauti kinachorudia tangazo lile lile: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Anayenunua hupewa pakiti ndogo ya punje zilizotiwa rangi, au unga wa kijivu usio na lebo, pamoja na maelekezo ya mdomo: changanya na dagaa, weka wanapopita. Usiku huo huo chambo huwekwa nyuma ya friji, chini ya kabati la vyombo, au juu ya gunia la mchele. Ndani ya nyumba hiyo yumo mtoto anayetambaa na yumo paka, na nje wapo kuku wanaodonoa chochote kitakachofagiliwa asubuhi. Kwa maoni yangu, sumu ya panya iliyoachwa wazi haina nafasi katika makazi ya watu. Ikilazimu kutumika, ikae nje ya nyumba, ndani ya boksi la chambo lililofungwa kwa ufunguo, na sheria isiruhusu mwananchi wa kawaida kuuziwa kwa namna nyingine.

Sisemi hivyo kwa kudharau kero ya panya. Julai 2022, ugonjwa uliowatia watu hofu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ulibainika kuwa homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Wizara ya Afya iliripoti wagonjwa 20, na 3 kati yao walifariki. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, ugonjwa unaosambazwa na viroboto wa panya. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na hujifungua watoto sita hadi kumi kwa uzao mmoja. Mama anayekuta mfuko wa unga umetobolewa na nguo za mtoto zimekojolewa ana haki kabisa ya kutaka dawa. Swali ni anauziwa dawa gani, na anaambiwa aiweke wapi.

Afrika Kusini imelijibu swali hilo kwa uchungu. Oktoba 2024, watoto sita wa Naledi, Soweto, walikufa kwa terbufosi, kiuatilifu cha mashambani kisichoruhusiwa majumbani, ambacho wachuuzi wa mitaani walikuwa wakikiuza kama dawa ya panya. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa na kutaja matukio 890 ya watu kudhurika kwa chakula tangu Septemba, na vifo visivyopungua 22. Alieleza pia kwa nini watu walikimbilia dawa hizo: panya walikuwa wamezidi kwa sababu taka hazizolewi. Hali hiyo si ngeni kwetu. Mitaa ambayo taka zake hukaa wiki bila kuzolewa tunayo, na wachuuzi wa pakiti zisizo na lebo tunao.

Wanunuzi wengi wanataka sumu ya papo hapo: panya ale usiku, asubuhi aonekane amelala chali. Hamu hiyo naielewa, lakini ndiyo inayotuponza. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kinga yake ni hadhari. Chakula kigeni hukionja kidogo, kisha husubiri. Akiumwa muda mfupi baada ya kuonja, chambo kile hakigusi tena. Ndiyo maana sumu kali ya haraka huua panya wachache wa mwanzo, kisha iliyobaki hukaa kwenye kisahani ikimsubiri asiye na hadhari ya panya, yaani mtoto. Warfarini, iliyosajiliwa Marekani kama sumu ya panya mwaka 1948, na dawa za jamii yake zilizofuata kama bromadioloni na brodifakumu, hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Huuzuia mwili kutumia vitamini K, damu ikashindwa kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Hajui kilichomdhuru, wala wenzake hawajui, hivyo wanaendelea kula. Kuchelewa huko humpa daktari nafasi pia: mtoto aliyemeza dawa ya jamii hii, akiwahishwa hospitali, anaweza kutibiwa kwa vitamini K1. Fosfidi ya zinki, ule unga wa kijivu, ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na hiyo haina dawa ya kuibatilisha.

Lakini sumu ya polepole inahitaji kukaa mahali pamoja siku nyingi bila kuguswa na asiyehusika, na kwa hilo kisahani hakifai. Maboksi ya chambo wengi wameyaona bila kuyatilia maanani: masanduku meusi ya plastiki yaliyobanwa chini ya kuta za maghala, hoteli na viwanda vya chakula. Boksi lina matundu mawili yenye upana wa sentimita sita hivi, ili panya aone pa kutokea kabla hajaingia. Ndani kuna kizuizi kinachomlazimisha akate kona, na nyuma ya kizuizi kuna kijiti cha chuma kilichochomekwa vipande vya chambo vya nta, avitafune palepale badala ya kubeba punje hadi jikoni. Mkono wa mtoto ukipenya haufiki kwenye chambo, pua ya mbwa haipiti, kuku haoni kitu, na mvua ya masika hailowanishi dawa. Boksi hukazwa kwa skrubu au waya, likiegemea ukuta, kwa sababu panya hapendi kukatiza uwanja. Huambaa ukuta huku masharubu yake yakiugusa. Mahali pake ni nyuma ya choo, kando ya banda la kuku, karibu na shimo lenye udongo mpya, au penye ule weusi wa mafuta unaoachwa na manyoya yanayopita kila usiku. Siku za mwanzo, pengine wiki nzima, panya watalipuuza, na anayelihamisha kila asubuhi huwaanzishia hofu upya. Likaguliwe kila baada ya siku chache, chambo kilicholiwa kijazwe, na panya wakishakwisha chambo kiondolewe.

Nitaambiwa kwamba maboksi ni ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliamua kuwa sumu ya panya inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani iambatane na boksi lake, na punje za kumwaga zisiuzwe tena kwa wananchi. Uamuzi huo ulitokana na hesabu ya watoto: vituo vya ushauri wa sumu vya nchi hiyo vilikuwa vikipokea kila mwaka taarifa zaidi ya 10,000 za watoto wadogo waliogusa au kumeza sumu ya panya. Ikiwa nchi yenye vituo vya namna hiyo na gari la wagonjwa linalofika haraka iliona hatari hiyo haivumiliki, sisi ambao mtoto wetu hufikishwa zahanati kwa bodaboda tuna sababu kubwa zaidi ya kuichukia. Gharama nayo tuipime kwa haki. Pakiti hununuliwa tena na tena. Boksi hununuliwa mara moja na hudumu miaka. Fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kulitengeneza kwa mabati, lenye komeo na kizuizi cha ndani. Hata kipande kirefu cha bomba la plastiki, kilichofungwa ukutani, chambo kikiwa kimefungwa kwa waya katikati mbali kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kufika, ni afadhali mara nyingi kuliko dagaa wenye sumu sakafuni. Hakifikii ubora wa boksi la kiwandani, na palipo na watoto wakubwa kidogo wenye vidole vitundu, boksi la ufunguo ndilo linalotakiwa.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la wapangaji. Nyumba za mitaa kama Manzese au Tandika zimebanana, uwanja haupo, na panya wenyewe wanaishi darini. Hapo nakubali kwamba boksi la nje peke yake halitoshi. Hata hivyo sumu darini ndiyo mbaya kuliko zote, maana panya hufia kwenye mbao na wenye nyumba huishi na uvundo wiki mbili. Ndani ya nyumba kinachofaa ni mtego wa kufyatua na kuziba matundu. Tundu la kupitisha penseli linamtosha panya mdogo. Boksi linafanya kazi yake kwenye uchochoro, nyuma ya vyoo, kwenye mtaro, huko ambako panya wa nyumba kumi ni wale wale. Kwa hiyo si kazi ya mpangaji mmoja. Ni ya serikali ya mtaa na bwana afya wake: kuyaweka maboksi kwa mstari mmoja, kumpa mtu jukumu la kuyakagua, na kuhakikisha taka zinaondoka. Wahenga walisema adui mwombee njaa, na katika suala la panya usemi huo ni maelekezo ya kazi. Penye rundo la makombo ya mama lishe, panya hana haja ya kuingia kwenye boksi lolote.

Wapo pia wanaokataa sumu kabisa, hata ndani ya boksi, na hoja yao haijibiki kwa maneno mepesi. Boksi humzuia mtoto asifikie dawa. Halimzuii panya kutoka nayo tumboni. Katika siku zile za kufa polepole hutembea mchana akiwa amelegea, akaliwa na paka au bundi. Flaco, bundi aliyetoroka bustani ya wanyama ya Central Park jijini New York mwaka 2023, alikufa Februari 2024 na kukutwa na aina nne za sumu ya panya mwilini, pamoja na virusi alivyopata kwa njiwa. California, Marekani, na British Columbia, Kanada, zimezibana sana dawa kali za kizazi cha pili, kama bromadioloni na brodifakumu, kwa sababu hiyo hiyo. Bundi wetu, ambaye bado anapigwa mawe kwa kudhaniwa mkosi, anakula panya kila usiku bila malipo, na kumuua kwa sumu ni kujiongezea panya. Ndiyo sababu nasisitiza chambo kiondolewe panya wakishakwisha, mizoga iokotwe kwa mfuko wa plastiki na kufukiwa kwa kina, na dawa za kizazi cha pili ziachiwe wataalamu wenye leseni. Kuacha sumu kabisa kutawezekana pale taka zitakapozolewa na kuta zikazibwa. Kwa sasa sumu inanunuliwa kila siku, na kila siku inayopita bila kanuni, sumu hiyo ipo kwenye sahani.

Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kazi ya kusajili dawa hizi ni yake. Kenya wana bodi yao ya kudhibiti viuatilifu. Kinachohitajika ni sharti moja la mauzo: dawa ya panya kwa matumizi ya nyumbani iwe kipande cha nta chenye lebo ya Kiswahili inayotaja jina la sumu, ili mzazi aende nayo hospitali, na iuzwe pamoja na boksi au kwa anayelimiliki tayari. Wachuuzi wasifukuzwe barabarani kwa ajili hiyo. Wanafika kwenye vichochoro ambavyo duka la pembejeo halifiki, na wateja wanawaamini. Wasajiliwe, wapewe mafunzo ya siku moja na maofisa afya wa manispaa, na wapewe maboksi kwa mkopo. Kipaza sauti kinachotangaza pakiti leo kinaweza kutangaza boksi mwezi ujao, na mchuuzi atakayerudi kukagua na kujaza chambo atalipwa kwa huduma hiyo zaidi ya anavyolipwa sasa kwa pakiti.