Mgonjwa Naye Aulizwe

Katika adhimisho la ndoa kuna swali ambalo mtu hawezi kujibiwa na mwingine. Mahari imeshalipwa, wazee wameshakubaliana, ukumbi umeshapambwa, na bado padre anamgeukia bibi harusi na kumwuliza yeye mwenyewe. Baba akijibu kwa niaba yake, hakuna ndoa. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inafundisha kwamba ridhaa ya wahusika ndiyo inayofanya ndoa, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza nafasi yake.

Tumeanzia altareni kwa makusudi. Haki ya mgonjwa kuelezwa hali yake na kuamua juu ya matibabu yake hudhaniwa na wengi kuwa fikra ya kigeni, iliyokuja na vitabu vya chuo na fomu za hospitali. Sisi tunaosoma falsafa hapa Bonga tunaona kwamba Mkristo hana sababu ya kuiogopa. Ridhaa anaifahamu tangu zamani, ila tumezoea kuiacha mlangoni mwa wodi.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Mtu akiugua huanzia zahanati, kisha hupelekwa Babati mjini, au Dareda kwenye hospitali ya Jimbo letu la Mbulu, na ikibidi hufika Haydom, Dodoma au Moshi. Katika kila hatua kuna kikao. Ndugu wanasimama nje ya wodi: apasuliwe au asipasuliwe, apewe rufaa au arudishwe nyumbani, auzwe ng'ombe yupi. Mwenye mwili yuko kitandani, akili zake timamu, anangoja kuambiwa wameamua nini. Mara nyingine mjamzito anayehitaji upasuaji anasubiri mume apatikane kwa simu aseme "sawa". Mara nyingine bibi anayezungumza Kigorowa au Kiiraqw anatafsiriwa na mjukuu wa kiume, naye bibi hawezi kumtajia mjukuu wake habari za tumbo lake la uzazi. Muuguzi anaandika alichotafsiriwa, na dole gumba linawekwa kwenye karatasi.

Wanaofundisha maadili ya uuguzi na tiba hutaja misingi minne, iliyopangwa na Beauchamp na Childress katika kitabu chao cha mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki kwa wote. Kabla ya hapo, mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa utawala wa Hitler iliweka ridhaa ya hiari mwanzoni mwa masharti kumi ya kufanya majaribio kwa binadamu. Dunia ilikuwa imeona kinachotokea pale mwenye ujuzi anapojiona hana haja ya kuuliza.

Na sheria ya nchi yetu inazungumza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apimwe kwa hiari yake, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, na inataka majibu yake yawe siri. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa mtu kujiridhia mwenyewe kupimwa kutoka miaka 18 hadi 15. Ni jambo la kutafakari: kijana wa miaka 15 anatambuliwa kuwa na sauti juu ya kipimo hicho, lakini mama wa miaka 60 anaamuliwa kila kitu na wanawe.

Kuna pingamizi zito ambalo hatutaki kulipita haraka. Mtu kwetu si kisiwa. Ukoo ndio unaomuuguza, unaokesha naye, unaouza mahindi na mifugo ili alipiwe. Kwa nini usiamue? Tunakubali kwamba ukoo una neno. Una haki ya kusema uwezo wake unaishia wapi, na una wajibu wa kumshauri mgonjwa wake. Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino anahesabu utayari wa kushauriwa kuwa sehemu ya busara. Lakini anayeshauriwa ndiye anayeamua. Kulipa gharama hakumpi mtu umiliki wa mwili wa mwenzake, kama vile kutoa mahari hakumpi mtu ruhusa ya kujibu mahali pa bibi harusi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu, hofu na matumaini ya mgonjwa anayajua yeye.

Tena, kumwuliza si kumtenga na watu wake. Wagonjwa wengi, hasa wazee, wakiulizwa watasema, "Zungumzeni na mwanangu." Huo nao ni uamuzi, na uheshimiwe. Tofauti ni kwamba ametoa mwenyewe, hakunyang'anywa.

Mahali panapotuumiza zaidi ni kuficha ugonjwa. Ndugu wanamwambia daktari, na baadaye padre au katekista, "Msimwambie, atakata tamaa. Semeni ni vidonda vya tumbo." Wanasema kwa upendo. Lakini mtu aliyefichwa kwamba anakufa ananyimwa mambo ambayo hatayapata tena. Hamwiti ndugu aliyekosana naye kwa ajili ya shamba. Haandiki wosia, na matanga yanageuka kuwa kesi. Haungami kama mtu anayejiandaa kwa safari. Hata Mpako wa Wagonjwa, kwa kanuni ya 1006, unatolewa kwa yule ambaye akiwa na fahamu zake aliuomba, walau kwa namna isiyo ya moja kwa moja. Kanisa halilazimishi mafuta matakatifu juu ya paji la uso la mtu. Sisi tunawezaje kuhalalisha uongo juu ya mwili wake? Ukweli uambatane na upole, usemwe kidogo kidogo, kwa lugha yake, na mtu wake wa karibu akiwepo kama mgonjwa mwenyewe anapenda. Lakini uwe ukweli.

Je, basi mgonjwa anaweza kuamua lolote? Hapana, na hapa tunaachana na wanaodhani kwamba uhuru ni kutaka tu. Uhai ni zawadi. Mgonjwa hana haki ya kudai auawe, wala muuguzi hana wajibu wa kutekeleza kinachokwenda kinyume na dhamiri yake. Naye ni mtu, si chombo. Lakini kukataa matibabu mazito yasiyolingana na faida inayotarajiwa si kujiua. Papa Pius XII aliwafafanulia madaktari mwaka 1957 kwamba wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida za kutunza uhai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inasema uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo, na asipokuwa nao, wale wenye haki kisheria wazingatie matakwa yake ya busara na manufaa yake halali. Chakula, maji, usafi na kuwa naye havikomi. Na aliyeletwa hana fahamu, damu ikimtoka, aokolewe kwanza. Hakuna anayedai fomu mbele ya kifo.

Tunajua wauguzi wetu ni wachache na zamu ni ndefu, na kueleza kunachukua muda. Kwa hiyo mzigo huu si wao peke yao. Jumuiya ndogondogo zinaweza kumpata mama anayejua Kigorowa au Kiiraqw na anayetunza siri, akasindikiza wazee hospitalini badala ya mjukuu. Familia zinaweza kuanza kikao kando ya kitanda, na si nje ya wodi. Nasi waseminari, tutakaoitwa usiku na ndugu wa wagonjwa, tujizoeze tangu sasa kumsalimu mgonjwa kabla ya wanaomzunguka, na kutokubali kuwa washirika wa uongo.

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Bartimayo anapaza sauti mbele ya umati, na upofu wake unaonekana na kila mtu. Bwana wetu hakuwauliza waliomzunguka. Alimwuliza Bartimayo anataka atendewe nini, akangoja jibu, ndipo akamponya.