Kurudi Uskoti na mtoto wa miaka 14: Mtaa upi utamfaa?

Baba anaposema "tunarudi nyumbani", mara nyingi anayerudi ni yeye peke yake. Mtoto aliyezaliwa Arusha au Dar es Salaam, akaijua Uskoti kwa likizo mbili tatu za Julai na kwa sauti ya bibi kwenye simu, harudi popote. Anahama.

Ndiyo hali ya familia za mchanganyiko ambazo baba ni Mskoti aliyekuja huku kwa mkataba wa miaka mitatu akakaa kumi na sita, mama ni mwenyeji, na sasa mkataba umekwisha au wazee wa kule wamechoka na wanataka mtu wa karibu. Baba anawaza kijiji alichokulia, ziwa, kilima na baa ya kona. Mama anawaza baridi. Binti wa miaka 14 anawaza jambo moja tu: saa ya chakula cha mchana nitakaa na nani?

Swali la binti ndilo linalopaswa kutangulia wakati wa kuchagua mahali pa kuishi. Mtoto wa miaka mitano hupata marafiki popote palipo na bembea. Wa miaka 14 anaingia katikati ya makundi yaliyokwisha kujipanga, na tena anaingia katikati ya ratiba ya mitihani isiyomsubiri.

Sekondari ya Uskoti ina miaka sita, kuanzia S1 hadi S6. Miaka mitatu ya kwanza mwanafunzi husoma masomo mengi kwa upana. S4 ndipo hufanyika mitihani ya National 5, S5 hufuata Higher, ambayo ndiyo vyuo vikuu huitazama zaidi, na S6 ni Advanced Higher au Higher za nyongeza. Wanaodhani Uingereza yote ina GCSE na A-level watashangaa: shule za umma za Uskoti zina mfumo wake, na mtoto akisoma mwaka mmoja England kisha akavuka mpaka, atakuwa amehama mara mbili.

Mwaka wa shule huanza katikati ya Agosti. Mtoto mwenye miaka 14 na miezi michache wakati huo kwa kawaida huwekwa S3. Aliyekwisha kuvuka miaka 14 na nusu huangukia S4, na miezi minane tisa baadaye yuko kwenye chumba cha mtihani. Masomo ya S4 huchaguliwa mapema, mwaka uliotangulia, kwa hiyo anayefika Agosti hupewa nafasi zilizobaki. Binti aliyekuwa anapenda Kemia anaweza kujikuta kwenye darasa asilolitaka kwa sababu tu la Kemia limejaa. Kama kuna uwezekano wa kuhama mwaka mmoja mapema, huo ndio mwaka wa kuhama.

Kuna sababu nyingine ya kuhesabu miezi, nayo ni pesa. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa mkazi wa Uskoti hulipiwa ada ya shahada ya kwanza katika vyuo vya Uskoti na serikali ya huko, na shahada yenyewe huchukua miaka minne. Lakini pasipoti ya baba haitoshi. Kanuni inataka mwanafunzi awe ameishi Uingereza kama mkazi wa kawaida kwa miaka mitatu kabla ya tarehe husika, na awe mkazi wa Uskoti siku hiyo. Kwa kozi zinazoanza msimu wa Septemba, tarehe hiyo ni Agosti 1.

Piga hesabu. Familia inayotua Julai 20, mtoto akaingia S4 na kumaliza S6, ina miaka mitatu kamili na siku za akiba. Familia inayotua Agosti 10, kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu au kwa sababu ya harusi ya binamu Moshi, imepungukiwa na siku tisa. Wanaokwenda nje kwa kazi ya muda wana nafasi ya kujieleza, ila si busara kuweka ada ya miaka minne juu ya maelezo. Harusi ya binamu itahudhuriwa kwa simu.

Mama naye ana hesabu yake. Kama hana uraia wa Uingereza, anahitaji visa ya mwenzi, na tangu Aprili 2024 waombaji wapya wanatakiwa kuonyesha kipato cha familia cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka, au akiba kubwa benki. Hilo nalo huamua mahali: kwa wengi, kazi ya baba itachagua mkoa, familia itachagua mtaa.

Sasa kile kijiji. Tuseme kiko pwani ya magharibi, mwendo wa gari kutoka Oban. Julai ni pazuri kupita maelezo, ukiacha usubi wanaong'ata jioni nzima. Binti amepaona Julai. Hajapaona Novemba, mvua inapopiga ubavu kwa ubavu na basi la mwisho limeondoka mapema jioni. Kijijini mtoto wa miaka 14 hana miguu. Kila rafiki, kila mazoezi, kila sinema ni mzazi kushika usukani, na leseni ya udereva hataipata mpaka miaka 17.

Tusivitukane vijiji. Shule ndogo humjua kila mtoto kwa jina, na mgeni haozei pembeni bila mwalimu kuona. Kuna watoto wa visiwa vidogo kama Coll na Colonsay wanaolala bwenini Oban wakati wa masomo, jambo ambalo kwa mtoto wa Kitanzania si geni hata kidogo. Masomo yasiyo na mwalimu hupatikana kwa intaneti kupitia e-Sgoil, mpango ulioanzia visiwa vya magharibi mwaka 2016. Lakini anayependa somo lisilo na wanafunzi wengi, au mwenye ngozi tofauti na ya darasa zima, atakuwa peke yake kwa namna ambayo baba hakuwahi kuwa peke yake pale pale. Bibi anaweza kutembelewa kila Jumamosi. Upweke wa kijana haumalizwi kwa safari ya Jumamosi.

Tangu Januari 31, 2022, kila mkazi wa Uskoti mwenye umri wa miaka mitano hadi 21 husafiri bure kwa basi, nchi nzima, akiwa na kadi yake. Kwa familia yenye kijana, hii ni habari kubwa kuliko mandhari ya dirishani. Ila kadi ni bure pale tu penye basi. Ukitazama nyumba mtandaoni, kabla ya kuhesabu vyumba, tafuta kituo cha basi, halafu tazama saa ya basi la mwisho Ijumaa usiku na Jumapili. Hapo ndipo utakapojua kama mtoto ataishi au atasubiri kuchukuliwa.

Glasgow ndiyo jiji kubwa kuliko yote kule, na shule zake nyingi zimezoea watoto wanaotoka nchi za mbali na wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Ina mvua kuliko mashariki, ina treni za kila upande, ina wasusi wanaojua nywele za Kiafrika. Msichana wa miaka 14 hatalicheka jambo hilo la mwisho. Kusini mwa jiji kuna East Renfrewshire, yenye miji kama Giffnock na Newton Mearns, ambako shule husifiwa kwa matokeo na nyumba ni ghali kwa sababu hiyo hiyo.

Edinburgh ni ya kupendeza na kavu zaidi, lakini pango lake linaumiza. Wengi huvuka daraja kwenda Fife, miji kama Dunfermline na Kirkcaldy, wakapata vyumba zaidi kwa pesa ile ile na treni ya kuwarudisha mjini. Aberdeen ina watu wengi waliofuata mafuta na vyuo, Waafrika wakiwamo. Dundee na Stirling ni saizi ambayo kijana anaweza kuijua yote kwa mwezi mmoja. Inverness ni ya anayependa milima na bado anataka duka la viatu.

Jambo ambalo mgeni hulikosea ni mpaka wa shule. Kila anwani ina shule yake ya umma, na ukihamia mtaa, mtoto kwa kawaida huenda shule ya mtaa huo. Kuomba shule nyingine inawezekana, na halmashauri huikataa ikiwa imejaa. Maombi ya kuanza Agosti hutakiwa kabla ya Machi 15. Barabara moja inaweza kugawanya shule mbili, kwa hiyo usimwamini dalali. Uliza halmashauri kwa anwani kamili, na namba ya nyumba.

Magazeti ya huko hupanga shule kwa idadi ya wanafunzi waliofaulu Higher tano au zaidi. Orodha hizo zisomwe kwa chumvi kidogo. Zinaonyesha utajiri wa mtaa angalau sawa na zinavyoonyesha kazi ya walimu, na hazisemi lolote kuhusu mgeni anavyopokewa. Simu moja kwa shule ina faida zaidi: mgeni wa S3 hupangiwa mwenyeji? Masomo gani bado yana nafasi? Nani anashughulika na wanaofika katikati?

Pangisha kwanza, ununue baadaye. Mkataba wa nyumba binafsi uliowekwa na sheria tangu Desemba 2017 hauna tarehe ya mwisho, na mpangaji huondoka kwa notisi ya siku 28. Amana haizidi kodi ya miezi miwili. Hiyo inatoa nafasi ya kugundua kwamba mtaa haufai kabla ya kufungwa na mkopo. Unapokagua nyumba, vuta pumzi. Harufu ya ukungu kwenye pembe za chumba si jambo dogo kwa mtoto mwenye pumu, na nyumba za mawe za zamani hushika unyevu. Sogeza kabati, tazama ukuta wa nyuma.

Kwa mtoto mwenye selimundu, baridi yenyewe huweza kuamsha maumivu, hivyo nyumba yenye kupasha joto kwa uhakika na umbali mfupi hadi hospitali ya watoto vitangulie mengine yote. Glasgow, Edinburgh, Dundee na Aberdeen zina huduma za hospitali kwa ajili ya watoto. Familia husajiliwa kwa daktari wa eneo lao, na dawa anazoandika hazilipiwi tangu 2011. Meno ni bure kwa walio chini ya miaka 26, ingawa kumpata daktari wa meno wa huduma ya umma anayepokea wapya kunaweza kuwa kazi. Piga simu kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Kadi ya chanjo isiachwe kwenye droo. Shuleni kule chanjo ya HPV hutolewa S1 kwa wasichana na wavulana. Tanzania huitoa kwa wasichana, kwa hiyo mvulana wa kutoka huku huenda hajaipata. Karibu na S3 hufuata nyongeza ya pepopunda, dondakoo na polio, pamoja na ya homa ya uti wa mgongo.

Kisha giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Edinburgh huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Shetland siku haifiki saa sita. Mamlaka za afya hushauri watu wafikirie kutumia vitamini D mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Vidonge ni rahisi. Kigumu ni kijana anayetoka shule jua likiaga, anawasha simu, na marafiki zake wa Arusha wako bweni ambako simu hazikubaliwi. Akianza kulala mchana, kuacha chakula na kukataa kutoka kwa wiki kadhaa, asiambiwe atazoea. Daktari wa familia aonwe mapema, kwa kuwa huduma ya afya ya akili ya vijana ina foleni. Lengo la serikali lenyewe ni kuanza tiba ndani ya wiki 18.

Ikiwezekana, ziara ya kuchagua mtaa ifanyike Novemba au Februari, na binti awepo. Apande basi la kutoka shule yeye mwenyewe, siku ya kazi, saa ya kutoka. Apewe kura ya kweli katika mitaa miwili au mitatu ambayo wazazi wote wawili tayari wanaikubali. Kumpa nchi nzima achague ni kumtwika mzigo usio wake.

Na karatasi za shule zipelekwe mapema: cheti cha kuzaliwa, ripoti za miaka miwili, ushahidi wa anwani. Shule hufungwa mwishoni mwa Juni, na katika wiki hizo za kiangazi, wakati familia nyingi ndipo zinatua na masanduku, ofisini huenda kusiwe na mtu wa kupokea simu.