Akili ya Mkono Isidharauliwe

Katika shule nyingi za sekondari umezoeleka mgawanyo huu: kichwa ni cha kujifunzia, na mkono ni wa kutenda lile ambalo kichwa kimekwisha kulijua. Ndiyo maana mwanafunzi aweza kuandika daftarini hatua zote za kupima asidi kwa bureti, akapewa alama nzuri, ilhali hajapata kuishika bureti yenyewe. Huhesabiwa kuwa anajua. Mkono utafuata siku vifaa vitakapopatikana. Mgawanyo huo una makosa, na ushahidi wa makosa yake haumo katika maabara za ng'ambo peke yake. Umo pia Tabora, katika mashimo ya bao.

Tabora, ambayo Burton na Speke walifika mwaka 1857 na kuiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mingine iliyoelekea Karagwe na Buganda. Katika eneo hilo lote, tangu pwani hadi mashariki ya Kongo, bao linajulikana. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezaji huchota kete za shimo moja akaziangusha moja moja katika mashimo yanayofuata. Kwa kanuni ya jumla, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono huendelea. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Zamu moja yaweza kuuzungusha mkono muda mrefu.

Utazamwapo mkono wa bingwa, hausiti juu ya kila shimo kama unaouliza njia. Bingwa amekwisha kuona mahali zamu itakapoishia. Bila hivyo asingejua kama aanzie kulia au kushoto. Alexander de Voogt, mtaalamu wa Kiholanzi aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar, aliuchukua mchezo huo kuwa kipimo cha upeo wa akili ya binadamu katika kitabu chake cha mwaka 1995.

Uchunguzi wa saikolojia unakubaliana na mkono huo. Mwaka 1899 Robert Woodworth wa Marekani aliwataka watu wachore mistari ya urefu maalumu kwa kufuata mdundo, mara macho yakiwa wazi, mara yakiwa yamefumbwa. Mwendo ulipokuwa wa taratibu, macho yalipunguza makosa. Mwendo ulipokuwa wa haraka sana, mwenye kuona hakumzidi aliyefumba. Maana yake ni kwamba jicho huhitaji muda ili liurekebishe mkono. Pasipo muda huo, mkono hutegemea mpango uliokwisha kutungwa. Mwaka 1951 Karl Lashley akaongeza hoja: vidole vya mpiga muziki hodari hugonga upesi mno hata habari za pigo moja haziwezi kufika ubongoni kwa wakati ili ziamuru pigo linalofuata. Kwa hiyo hapana budi mfululizo uwe umepangwa kabla. Na mwaka 1978 Saul Sternberg na wenzake walionyesha dalili ya mpango huo: kadiri mfululizo wa herufi za kupiga taipu ulivyokuwa mrefu, ndivyo mtu alivyochelewa kuigusa herufi ya kwanza, ijapokuwa aliujua mfululizo wote mapema.

Lakini mpango si reli ambayo gari moshi haliwezi kuiacha. Katika miaka ya 1920, Nikolai Bernstein wa Urusi ya Kisovieti aliwapiga picha za mfululizo wafanyakazi waliokuwa wakigonga tindo kwa nyundo. Aligundua kwamba mkono haukupita njia ile ile mara mbili, na hata hivyo nyundo ilifika palipokusudiwa. Wahunzi wa nchi zilizo kaskazini ya Tabora, ambao majembe yao yalisafirishwa na misafara kama bidhaa, waliujua ustadi huo kwa vitendo: chuma hupoa na hujipinda, wala pigo la pili haliwi sawa na la kwanza. Fundi harudii pigo. Hurudia kulitatua tatizo.

Sasa na irejewe bureti. Mkono mmoja umeshika bilula, wa pili unaitikisa chupa, na jicho linangoja rangi igeuke. Mwanafunzi aliyesoma tu hufunga bilula baada ya kuiona rangi, nayo matone yamekwisha kupita. Aliyezoea hupunguza mwendo kabla, kwa kuwa mwisho wa kazi umo katika mpango wake tangu mwanzo. Ujuzi huo haukai ubaoni. Wala bingwa wa bao hawi kwa sababu hiyo mkemia hodari, kwani ustadi wa mkono hauhami kwa urahisi kutoka kazi moja hadi nyingine. Kila kazi hudai mazoezi yake.

Watajibu wengine kwamba vifaa havipo na muda hautoshi. Hoja ya vifaa ni ya kweli, lakini haimalizi jambo. Mrija, bomba la sindano lisilo na sindano, chupa na maji vyatosha kuanza kuuzoeza mkono kudondosha tone kwa tone. Mwanafunzi na aeleze mfululizo mzima kabla ya kugusa kitu. Na aanze polepole, macho yapate nafasi ya kusahihisha. Kisha aongeze mwendo. Mwalimu abadilishe chupa, kimo na kipimo, ili asifunze pigo moja bali utatuzi wa tatizo. Kuhusu muda, saa moja ya mazoezi hayo huokoa saa nyingi za kukariri maneno yasiyo na mkono wa kuyabeba.

Lililo gumu zaidi ni dharau. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kuiunganisha kazi na masomo. Lakini popote jembe linapokuwa adhabu ya mchelewaji, mwanafunzi hufundishwa kwamba kitabu ni cha mwema na mkono ni wa mkosaji. Akitoka hapo, hatautazama mkono wa mhunzi, wa fundi cherehani au wa mpasuaji kama mahali pa elimu.

Yafaa basi kila shule itenge katika mitihani yake ya ndani alama za mkono: si za jibu lililopatikana, bali za jinsi lilivyopatikana. Kisichopewa alama shuleni, wanafunzi huamini kuwa hakina thamani.